Kondoo Asiyechomwa Sindano

Mkuu wa maabara aliposikia kwamba naondoka, alinishika bega akasema, "Mzee Masanja, waandikie hawa vijana ulichokiona. Kesho na keshokutwa watafikiri kondoo alikuwa pambo." Nikamjibu kwamba shule mimi niliishia darasa la tatu, na mkono wangu unaandika kama kuku anayeparua. Akasema parua hivyo hivyo. Basi naparua. Mambo ya vyeo tuyaache. Sikupata hata kimoja, kwa hiyo hapo hamkosi kitu.

Kwa asiyenijua, mimi nilikuwa mtunza kondoo wa hospitali. Ndiyo, hospitali, hapa hapa Mwanza, yenye geti na walinzi, na nyuma ya maabara kuna zizi. Mlinzi mmoja kila akiniona nimebeba majani alikuwa ananiuliza, "Masanja, mgonjwa wako leo amekula?" Nikawa namjibu kwamba mgonjwa wangu ndiye anayewatibu wa kwenu. Hakuelewa, na simlaumu. Hata mimi ilinichukua muda.

Tena kazi yote hiyo nimeifanya kwa sikio moja. Nilizaliwa ng'ambo, upande wa Sengerema. Nikiwa mchanga, meno hata hayajafikiria kuota, nilishikwa na homa, nikakakamaa, macho yakaenda juu. Mama akanikimbiza kwa mganga Kabula. Namtaja kwa jina, maana yeye mwenyewe alijua kwamba namtaja. Kabula akasema hili ni degedege, na mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa palepale. Nikafunikwa blanketi nikafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo mpaka homa ikachoka yenyewe. Nikapona. Sikio la kushoto halikupona. Shuleni akaja mwalimu Bugingo, naye namtaja. Alinikalisha dawati la nyuma, na kila nisipoitika alinizaba kofi. Kwa kuwa alikuwa mtu wa mkono wa kulia, kofi lilikuwa linatua sikio lilelile lililokwisha kufa. Nikarudi kwenye ng'ombe. Ng'ombe hawaiti majina.

Siku niliyoanza kazi alinipokea Bi Mwajuma, mtaalamu wa maabara, mtoto wa mjini, ukoo wa mafundi cherehani. Alikuwa mwembamba, mkali, na koti lake jeupe lilipigwa pasi mpaka linakata.

"Umewahi kushika kondoo?" akaniuliza.

"Nimezaliwa nao, mama."

"Umewahi kumtoa damu bila kumuua?"

Kwetu damu ya kondoo inatoka mara moja tu.

"Basi leo utajifunza," akasema. "Na jambo la kwanza, huyu si kitoweo. Huyu ni mfanyakazi mwenzako, na amekutangulia kazini, kwa hiyo umheshimu."

Kondoo mwenyewe alikuwa dume zee lenye tabia mbaya. Wao walikuwa wanamwita Mfadhili, kwa sababu kila kitu pale kilitegemea yeye na hakuna aliyekuwa anamshukuru. Bi Mwajuma akanionyesha: nyoa manyoya ya shingo, safisha kwa spiriti, bana kwa dole gumba mpaka mshipa ufure kama kamba, ndipo sindano iingie. Damu inaingia kwenye chupa yenye shanga za kioo, nawe unaizungusha, unaizungusha, usipumzike. Ukipumzika inaganda na umemtesa mnyama bure. Wenzangu walikuwa wanachoka mkono. Mimi sikuchoka, maana mama alinifundisha kusuka maziwa kwenye kibuyu, na mwendo ni uleule.

Damu ile Bi Mwajuma aliimimina kwenye uji uliopikwa kwa unga wa mwani. Uji ukishapoa kiasi cha kuweza kuubandika shavuni, damu inaingia, kisha vyote vinamiminwa kwenye visahani. Vikishaganda, vinang'aa vyekundu kama ndani ya tikiti maji. Nikamuuliza, "Sasa hii anakula nani?"

"Wageni," akasema. "Njoo kesho uwaone."

Kesho yake alinifungulia kabati la joto akatoa kisahani kimoja. Jana nilikiona kitupu kwa macho yangu, amekikwaruza tu kwa kijiti cha waya. Leo kina vitone, vimepangika kama umande juu ya jani, na kila kitone kimezungukwa na duara ambalo damu yake imeyeyuka, unaona mpaka kidole chako upande wa pili.

"Hawa wametoka wapi?"

"Kwa mtoto wa kitanda cha dirishani. Walikuwa kwenye damu yake, hawaonekani. Tumewapa chakula wanachokipenda, wamejitokeza."

Nimeona ng'ombe akizaa, nimeona radi ikipasua mti, nimeona ziwa likigeuka jeupe kwa mawimbi. Sikuwahi kuona kitu kikubwa kama kile kitone kidogo. Niliwaza, kumbe wapo. Kumbe siku ile mama amenibeba kwenda kwa Kabula, kichwani mwangu kulikuwa na wenyeji wa namna hii, wanakula, na moshi unapita juu yao.

Bi Mwajuma alikuwa na maneno ambayo aliwaambia wanafunzi wote, nami nayaacha hapa kama alivyoyasema. "Mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili hana lugha. Kichomi, uti wa mgongo, mkojo mchafu, kitovu kilichooza, vyote anavitaja kwa neno moja tu, homa. Na mwingine hata neno hilo hana. Anapoa, anaacha kunyonya, anakutazama. Kwa hiyo mama akisema mtoto alikuwa wa moto nyumbani, alikuwa wa moto. Msimbishie kwa sababu ameogeshwa akapoa njiani." Mengi sikuyaelewa kwa akili ya shule, lakini hilo nililielewa kwa sikio.

Miaka ilipita hivyo. Majani asubuhi, kufagia zizi, damu siku yake, kuosha shanga za kioo moja moja. Kondoo walikuja na kufa kwa uzee, mpaka tukabaki na dume mmoja, naye tukamrithisha jina la Mfadhili. Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Mganga mkuu wetu wa wakati ule alihamishwa kwenda Dodoma. Ikaundwa kamati ya kumuaga. Mimi nilikuwa msibani kwa shemeji yangu. Niliporudi nikapita zizini na majani kichwani, nikakuta kumetulia. Nikatazama uani kwa stoo. Ngozi ya Mfadhili imetandazwa juu ya ukuta, inakauka.

Nikamkuta bwana stoo, anaitwa Mashaka, na jina lake halikumwonea.

"Mashaka, kondoo yuko wapi?"

"Mzee, pole na msiba. Tulikuwekea hata minofu, ila vijana wakaimaliza."

"Mashaka. Kondoo wa maabara!"

"Kondoo wa hospitali, sherehe ya hospitali. Tatizo liko wapi? Hata Bi Mwajuma alikula, akaisifu nyama."

Na kweli alikula. Hakujua. Nilipomwambia, aliweka chini kalamu yake, akatazama mikono yake kwa muda. "Masanja," akasema, "nimekula mashine yangu."

Hatukupata hata nafasi ya kugombana vizuri. Juma lilelile aliletwa mtoto Elia. Mama yake, Neema, alikuwa binti mdogo kutoka Kigongo, mumewe fundi wa injini za mitumbwi. Elia hakuwa ametimiza hata miezi miwili. Alikuwa na homa, analia kilio chembamba kama cha paka, na utosi umevimba. Kabla ya kufika kwetu walipitia kwa Edgar, muuza duka la dawa wa kule, aliyempa Neema nusu chupa ya dawa ya maji aliyobakiza mteja mwingine, akamwambia ni joto la blanketi. Edgar, kama bado una duka, haya ni yako.

Daktari wa watoto, Dokta Anitha, alimwanzishia Elia sindano saa ileile, akachukua damu na maji ya uti wa mgongo. Homa haikushuka. Akabadilisha dawa. Homa ikashuka kidogo, ikapanda tena. Ndipo chupa yenye damu ya Elia ilipoanza kuwa na ukungu maabara, na Bi Mwajuma akatazama kwenye hadubini.

"Wapo," akasema. "Wanatembea wawili wawili kama wachumba."

Dokta Anitha alikuja mwenyewe. "Bi Mwajuma, niambie dawa gani inawaua. Nimempa ya kwanza, nimempa ya pili, sijui kama ya pili inafanya kazi. Nina ya tatu, lakini ni kali. Inaweza kumla figo, inaweza kumla masikio. Sitaki kumchoma kwa kubahatisha."

Nilikuwa mlangoni na ufagio. Aliposema masikio, nikasogea ndani.

"Nipe sahani za damu ya kondoo," akasema Bi Mwajuma, "kesho nakujibu. Tatizo sina kondoo. Ameliwa."

"Damu ya watu iliyoisha muda si ipo?"

"Hawa hawastawi vizuri humo. Tena mtu mwenyewe hujui alikuwa amemeza dawa gani. Na kuna jambo baya zaidi, dokta. Hawa wakikaa mno ndani ya chupa, wanajiua wenyewe. Wakifa hatuna wa kumuuliza."

Hapo ndipo nilipomwona Mashaka akikimbia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Dhamiri ilikuwa imemwingia, au hofu, sijui. Akarudi na mfugaji kutoka Usagara, na kondoo mnene mzuri kwenye pikipiki. Bi Mwajuma akatoka nje, hata hakumgusa.

"Amewahi kuchomwa sindano?"

Mfugaji akatabasamu. "Dada, wangu nawachoma kila wakikohoa! Hata huyu juzi nimemchoma. Yuko safi kabisa!"

"Ndiyo maana hafai. Damu yake ina dawa. Nikiwaweka wadudu humo watakufa, nami nitaandika kwamba mtoto hana kitu, naye anacho."

Tukaulizia huku na kule. Kila mfugaji alijibu vilevile, tena kwa fahari. Siku hizi kila mtu ana bomba lake la sindano juu ya kenchi. Bi Mwajuma akakaa kwenye ngazi. "Nani nchi hii ana kondoo asiyejua sindano?"

Mdomo wangu ukawa mchungu kama nimetafuna mwarobaini. Nilikuwa namjua.

Wakati ule daraja lilikuwa bado halijafunguliwa. Nilipanda pantoni asubuhi Kigongo, nikashuka Busisi, nikachukua bodaboda mpaka kwa Kabula. Nilimkuta mlangoni anapepeta mtama, mzee sana, jicho moja limeingia ukungu. Kondoo wake walikuwa nyuma ya nyumba, njuga zinalia shingoni. Waganga wa kwetu hawakosi kondoo.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, nikimwita mama.

"Mwangaluka. Nani huyo?"

"Masanja, mtoto wa Nyanzobe. Yule wa degedege."

Ungo ukasimama. "Ulipona."

"Nilipona nusu. Nusu nyingine ulibaki nayo."

"Wenzako wengi hawakupata hata nusu," akasema, si kwa majivuno wala kwa majuto, kama mtu anayesema mwaka ule mvua ilikuwa haba. "Zahanati ilikuwa mbali, mama yako hana hata viatu. Umekuja kunidai sikio?"

"Nimekuja kuomba kondoo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wa kutambikia?"

"Wa kutoa damu. Kuna kichanga kina homa. Damu ya kondoo ndiyo itatuonyesha dawa yake."

"Sasa hayo yenu na haya yangu yana tofauti gani?"

"Tofauti ni kwamba kondoo wetu anabaki hai."

"Mh! Si ndio ninyi mliokula wenu? Habari zilivuka na pantoni kabla harufu haijaisha."

Mashaka alikuwa ameniaibisha hadi ng'ambo ya pili. Nikamuuliza lile lililonileta. "Kuna kondoo wako hata mmoja aliyewahi kuchomwa sindano?"

Akanyanyuka, akashika fimbo. "Kwangu? Bwana mifugo alikuja hapa na kiboksi chake, nikamtoa mbio. Sindano haijaingia katika boma hili tangu niolewe, wala haitaingia!"

"Asante, mayu," nikasema.

Nilijisikia nikisema hivyo, na sikuamini. Maisha yangu yote nimemchukia mwanamke huyu kwa sababu ya sindano aliyoikataza, na leo namshukuru kwa ukaidi uleule.

Kabula akachagua jike jeupe lenye kichwa cheusi. Kisha akajifunga kitenge. "Nakwenda naye. Nyie watu siwaamini."

Kwenye pantoni kijana mmoja akatudhihaki, "Bibi, huyo mnampeleka kuolewa mjini?"

"Tunampeleka hospitali," Kabula akamjibu. "Yeye ndiye daktari. Msogelee akupime akili."

Watu wakacheka, na mimi nikageuza uso kulitazama ziwa, maana nilikuwa nacheka, na sikutaka yeye aone.

Bi Mwajuma alikuwa ametuandalia kila kitu, uji wa mwani umeshaiva, unasubiri. Nikanyoa shingo, nikabana mshipa. Kabula alisimama karibu, mkono juu ya kichwa cha mnyama wake, na sindano ilipoingia alifumba macho yake yote mawili. Nilizungusha ile chupa kuliko siku zote. Damu haikuganda. Visahani vikamiminwa, wadudu wa Elia wakapakwa, na juu yake Bi Mwajuma akapanga viduara vya karatasi vilivyoloweshwa dawa, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kabati likafungwa. Kabula akaenda kulala kwa wajukuu zake Butimba. Kondoo nilimfungia kwa kufuli, ufunguo mfukoni mwangu.

Kulipokucha tulikuwa tumesimama mbele ya kabati kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani, mimi, Bi Mwajuma, Dokta Anitha, na nyuma yetu Kabula na fimbo yake. Kisahani kikatoka.

Walikuwa wameota. Vitone vidogo, vimebonyea katikati kama vifungo vya shati, na damu kuwazunguka imegeuka kijani. Kwenye karatasi ya dawa ya kwanza walikuwa wameisogelea mpaka ukingoni, wanaidharau. Kwenye ya pili palikuwa na duara pana, safi, pasipo hata kitone, kama uwanja uliofagiwa.

"Ya pili inawaua," akasema Bi Mwajuma. "Usiguse ya tatu."

"Naongeza dozi ya pili," akasema Dokta Anitha, na alikuwa ameshafika mlangoni.

Kabula alisogea akainama, jicho lake zima karibu liguse kioo. "Huyu ndiye degedege?"

"Ni mmoja wa wanaolileta, bibi," Bi Mwajuma akamjibu kwa adabu.

"Moshi unamuua?"

"Hapana, bibi."

Akanyoosha kidole juu ya lile duara safi, hakuligusa. "Na hapa ilipopita ndiyo sindano?"

"Ndiyo."

Miaka yote nilikuwa nimemwandalia maneno ya siku kama hiyo, makali, nimeyanoa. Lakini nilipomtazama anavyoshangaa, nikakumbuka asubuhi yangu ya kwanza mbele ya kabati lile, nikayarudisha nilikoyatoa. Alipoinuka, alisema kitu kimoja tu: "Kondoo abaki. Mkimla nitajua."

Sikumsamehe, msije mkaandika hivyo kwenye risala. Alipofariki sikwenda kuzika. Lakini alipokuwa hai, kila nilipovuka kwenda nyumbani nilipita kumweleza habari za kondoo wake, na siku moja jirani aliniambia kwamba siku hizi Kabula akiletewa mtoto mchanga mwenye homa, anamfukuza mama kwa fimbo: "Nenda kwa kondoo! Nenda kwa kondoo wangu, haraka!"

Elia alianza kunyonya. Homa ikakatika, utosi ukashuka, wakaruhusiwa. Dokta Anitha akamwambia Neema amrudishe baadaye wamchunguze, maana wadudu wale wakiondoka mara nyingi hawaondoki mikono mitupu. Nilijua wanachochukua, sikio langu ni shahidi. Miezi yote ile sikulala vizuri, nami si baba wala mjomba.

Siku waliporudi nilikuwa nampeleka kondoo wa Kabula malishoni nyuma ya wodi. Jenereta lilikuwa linanguruma upande wangu wa kulia, na upande wa kushoto kwangu ni kimya siku zote. Neema alisimama mbele amenipa mgongo, Elia amebebwa mgongoni kwa khanga, shavu limelalia bega la kulia la mama yake, anatazama ukuta wa upande huo. Kondoo akanitangulia na njuga yake shingoni, akapita kushoto kwao, akatikisa kichwa kufukuza nzi.

Mimi ile njuga sikuisikia. Nilimwona tu mtoto ameinua shavu, akageuza kichwa kushoto, akamtafuta kondoo mpaka akamwona.